Maganda ya incotho juu ya kidonda ni jambo moja, kuyanywa ni jambo lingine

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, kwetu Mbeya, kwa sasa ni mlinzi wa usiku katika jengo moja hapa Johannesburg. Niliungua mkono kwa mvuke wa birika. Jirani yangu, mama mmoja Mxhosa, akaniwekea maganda makavu ya tunguu la porini, akafunga kwa kitambaa, na mkono ukapona vizuri. Nikapata imani. Nikaenda soko la Faraday nikanunua tunguu zima, muuzaji akaliita incotho. Akaniambia nikikosa usingizi mchana nichemshe kipande ninywe. Sijanywa bado. Mama yangu huko nyumbani ana kisukari na kidonda cha unyayo kina miezi mitatu, nataka nimpelekee maganda haya. Halafu nakumbuka kwetu kuna mmea unaofanana na huu. Je, ni huohuo? Na je, nifanye nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwasha jiko. Usinywe. Kipande kidogo usinywe, na maji yaliyochemshiwa usionje. La pili, mama asisubiri maganda kutoka Johannesburg; afike hospitali wiki hii. Ukishampigia simu, rudi usome haya mengine kwa utulivu, maana mmea uliokutana nao una historia ndefu na unastahili kuelezwa vizuri.

Wataalamu wa mimea wanauita Boophone disticha. Wazulu wanauita incotho, Waxhosa incwadi, Wasotho leshoma, na Makaburu wanauita gifbol, yaani tunguu la sumu. Umo katika familia ya amarili, pamoja na yale maua ya tunguu yanayochanua mara mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Unaota kwenye mbuga za nyasi kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya na Uganda, na Tanzania nayo imo. Moto wa nyika hupita juu yake ukaunguza nyasi zote, wenyewe ukabaki. Unakua polepole mno, na tunguu moja linaweza kuishi miaka mia.

Lichukue hilo ulilonunua ulitazame mchana. Huku nje lina maganda mengi makavu, mepesi, ya rangi ya kahawia, yamelaliana kama kurasa za kitabu kilichosahaulika darini. Ukiyabandua moja moja yanatoa sauti ya kukwaruza na hayana maji kabisa. Endelea kubandua. Utafika mahali ganda linaanza kupinda badala ya kukatika, halafu linakuwa jeupe na nene, na kidole kinatoka na unyevu. Hapo simama, nawa mikono kwa sabuni. Jirani yako alikuwekea yale ya nje. Muuzaji amekuambia uchemshe huku ndani. Tunguu ni moja, lakini kwa mgonjwa tofauti yake ni kubwa kuliko unavyodhani.

Matumizi ya huku nje yana heshima yake na sioni sababu ya kuyadharau. Waxhosa na Wasotho tangu zamani wamekuwa wakifungia maganda makavu kwenye vidonda vya jando, majipu na majeraha ya moto. Kwa jipu, ganda hulowanishwa kwa maji, maziwa au mafuta kidogo, likabandikwa ili livute usaha. Kwa kidonda kilicho wazi hutumika kama bendeji: linazuia vumbi na nzi. Maabara nazo zimeonyesha kuwa dondoo za mmea huu huzuia baadhi ya bakteria wanaosumbua ngozi. Kwa hiyo mkono wako kupona si jambo la kushangaza. Lakini tuwe wakweli pia: kuungua kidogo kwa mvuke, kwa kijana mwenye afya, kukifunikwa na kitu safi na kikavu, mara nyingi hupona chenyewe ndani ya wiki mbili. Siwezi kukuambia ni sehemu gani ya uponyaji huo ilikuwa ya ganda na ni sehemu gani ilikuwa ya mwili wako, na jirani yako naye hawezi.

Ukongwe wa mmea huu katika mikono ya watu unashangaza. Mwaka 1999, katika milima ya Kouga, jimbo la Eastern Cape, waakiolojia wakiongozwa na Johan Binneman walikuta mwili wa mtu aliyezikwa takriban miaka 2000 iliyopita, na mwili ule ulikuwa umefunikwa kwa majani ya mmea huuhuu. Ngozi na tishu nyingine zilikuwa bado zipo. Waliomzika walijua kitu juu ya majani haya, ama kwa ajili ya safari ya marehemu, ama kwa kuzuia uozo, ama vyote viwili. Karne nyingi baadaye, Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyetembea eneo la Cape kati ya 1772 na 1775, aliandika kuwa wenyeji walitumia utomvu wa tunguu hili kupaka mishale ya kuwindia. Mmea unaofunga kidonda cha kijana wa jando ndio huohuo uliomwangusha swala.

Wenye mila hii hawakuona mgongano hapo. Walijua ganda la nje ni la ngozi, na tunguu bichi ni la mshale. Walijua pia matumizi ya tatu, na hapa ndipo muuzaji wako alipokuingiza bila kukueleza. Waganga wa Afrika Kusini na Zimbabwe wamekuwa wakitoa maji ya tunguu hili kwa kunywa au kwa bomba la haja kubwa, kwa maumivu ya kichwa, tumbo, na udhaifu wa mwili. Kipimo kikipanda, mtu huanza kuona visivyokuwepo, na wapiga ramli waliutumia kwa makusudi hayohayo. Lakini mganga aliyefanya hivyo alikuwa amefundishwa na mwingine, anakijua kichaka alichochimba, anakaa na mgonjwa wake usiku kucha, na mgonjwa ana ndugu mlangoni. Wewe ungekunywa peke yako saa tatu asubuhi, ukitoka zamu, mlango umefungwa kwa ndani. Ni hilo ndilo linalonitia hofu.

Ndani ya tunguu mna alkaloidi nyingi, yaani kemikali kali zinazotengenezwa na mmea. Miongoni mwa zilizo nyingi ni buphanidrini, undulatini na buphanamini, na zipo nyingine kadhaa. Kiasi chake hubadilika kutoka tunguu moja hadi jingine kwa kufuata umri, msimu na udongo, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole kutoka kwenye tunguu la rafiki yako hakikupimii chochote kuhusu kipande cha kwako. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kunaihamishia kwenye maji utakayokunywa. Mtu aliyezidisha hupata kizunguzungu na kutapika, huyumba kama mlevi, macho yanaona ukungu, anahangaika, anaona watu na wanyama ambao hawapo, halafu analala usingizi ambao hauamshiki. Wapo waliofikia kifo. Mwaka 2001 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha kisa cha sumu ya mmea huu kilichofika kwenye uchunguzi wa kisheria. Hakuna dawa maalumu ya kuizimua. Daktari atakachofanya ni kulinda pumzi na moyo wako hadi mwili uitoe.

Sasa, je, muuzaji alikuwa anadanganya aliposema unaleta usingizi? Hapana, na hili ni la haki kulisema. Wakulima wa kizungu wa vijijini huko Afrika Kusini walikuwa wakijaza magodoro kwa maganda makavu ya tunguu hili kwa ajili ya watu wasiopata usingizi. Angalia vizuri: walijaza magodoro, wakayalalia. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark na Afrika Kusini walionyesha, kwa kutumia ubongo wa panya, kuwa buphanidrini na buphanamini hushika mahali palepale panaposhikwa na baadhi ya dawa za kisasa za sonona, yaani kile kibebeo kinachorudisha serotonini ndani ya seli za neva. Kwa hiyo mila ilikuwa imegusa kitu cha kweli. Ila kugusa kitu cha kweli hakumaanishi kuwa kikombe chako kina dawa. Na kama unatumia dawa ya sonona, au tramadol kwa maumivu, kuchanganya na kinywaji hiki kungekuwa hatari juu ya hatari.

Familia hii ya mimea imewahi kutoa dawa halisi. Galantamini, inayotolewa leo kwa wagonjwa wa Alzheimer, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilianza kuchunguzwa na wanasayansi wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1950 kutoka kwenye ua dogo la tunguu la huko Caucasus, Bulgaria wakaiendeleza, na Marekani ikaidhinisha kwa ugonjwa huo mwaka 2001. Nusu karne nzima. Katika miaka hiyo kemikali moja ilitengwa na zile nyingine, ikapimwa kwa miligramu, ikajaribiwa, madhara yake yakaandikwa. Incotho haijapitia njia hiyo. Natamani sana ipite, na natamani waliotunza ujuzi wake wapate haki yao itakapopita.

Lipo jingine kuhusu soko. Je, una hakika ulichonunua ni incotho? Faraday, na pia soko la Warwick kule Durban, matunguu huuzwa yakiwa yameondolewa majani na maua, yamerundikwa pamoja. Kando ya incotho utakuta umathunga, inguduza, na igibisila, lile la kijani linaloitwa kitaalamu Bowiea volubilis. Hilo la mwisho lina sumu ya moyo ya aina inayofanana kazi na dawa ya digoksini. Likizidi linavuruga mapigo hadi moyo usimame. Yapo na matunguu ya jamii ya Drimia yenye sumu ya namna hiyohiyo. Muuzaji mwenye uzoefu huyatofautisha kwa macho, na wengi wao ni watu waangalifu wanaolisha familia zao kwa kazi hii. Lakini tunguu linapopita kwa mchimbaji, dalali, gari, na mikono mitatu kabla ya kufika kwenye meza, kosa moja linatosha. Ukitaka uhakika, mkaguzi wa mimea anahitaji majani na ua, si tunguu lililokatwa mizizi.

Turudi kwa mama. Kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari hakilingani hata kidogo na mkono wako uliochomwa na mvuke. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi, kwa hiyo anaweza kukanyaga msumari asihisi. Mishipa ya damu nayo husinyaa, damu haifiki vizuri, na kidonda hakipati kinachohitaji ili kifunge. Usaha unaweza kuwa umeshuka ndani hadi kwenye mfupa huku juu panaonekana padogo. Ukibandika ganda hapo, unafunika tatizo. Maumivu hayatamwambia kitu kwa sababu hayapo. Hivi ndivyo watu wanavyokatwa miguu ambayo ingeweza kuokolewa.

Anachohitaji ni hiki: sukari yake ipimwe na dawa zake zirekebishwe, kidonda kisafishwe na mtu aliyefundishwa, nyama iliyokufa iondolewe, mapigo ya damu kwenye mguu yaangaliwe, apigwe picha ya mfupa kama daktari ataona haja, apewe antibayotiki kama kuna maambukizi, na, jambo ambalo watu hulisahau, mguu usikanyagiwe. Kidonda cha unyayo kinachokanyagiwa kila siku hakiponi hata kwa dawa ya bei gani. Mwambie asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba na asiloweke miguu kwenye maji ya moto, kwa kuwa hatayahisi yanapomuunguza. Wakiona weusi, harufu mbaya, mguu kuvimba au homa, asilale nyumbani usiku huo. Mbeya kuna hospitali ya rufaa. Miezi mitatu ni mirefu mno kwa kidonda cha namna hii.

Najua kwa nini unataka kumpelekea maganda. Mtoto aliye mbali anataka kutuma kitu cha mkononi. Tuma nauli ya hospitali, na kama unaweza, viatu vipana vyenye soli laini visivyombana. Hivyo vitamfaa mguuni kuliko mzigo wowote wa Faraday.

Kuhusu huo mmea wa kwenu. Inawezekana kabisa ni huohuo, kwa sababu Boophone hupatikana Tanzania. Kuutambua, tafuta mambo haya. Tunguu lake hujitokeza juu ya udongo, mara nyingi karibu nusu yake, likiwa limevaa hayo maganda ya kahawia. Majani yake yanatoka kwa safu mbili, yanakunjuka kama feni au kipepeo kilichofunguliwa, na kingo zake zina mawimbi. Maua ni ya waridi hadi mekundu, mengi kwa pamoja kwenye kichwa kimoja cha duara, na hutangulia kabla ya majani. Yakikauka, vikonyo vyake hurefuka, kichwa chote kinakatika kwenye shina na upepo unakibingirisha nyikani kikitawanya mbegu. Ukikumbuka watoto wakikimbiza duara kavu la vijiti kwenye nyasi, basi yamkini ndio wenyewe.

Ila yapo mengine ya kuchanganya. Lile lenye mpira mwekundu wa moto, linaloota kivulini na kuchanua mvua zikianza, ni Scadoxus: majani yake ni mapana na laini, tunguu lake dogo limezama ardhini. Lenye maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi katikati ya kila petali ni Crinum. Na lile ambalo majani yake yamelala chini, ncha zake kama zimekatwa kwa kisu, ni Ammocharis. Yote ni ya familia hiyohiyo na yote yana alkaloidi zake. Mengi yana lycorini, inayomtapisha mtu vibaya. Vijijini mengi yanaitwa tu kitunguu pori, na jina moja kwa mimea minne yenye sumu nne tofauti halimsaidii mgonjwa. Mzee wa kwenu akikuambia kitunguu pori kinatibu jambo fulani, muulize akuoneshe ua lake. Ukipata picha ya ua na majani, Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, au wahifadhi wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni watu wa kuwaendea.

Usisafiri na tunguu bichi kuvuka mipaka. Mmea hai unahitaji cheti cha afya ya mimea, na mpakani watakunyang'anya. Zaidi ya hapo, kila tunguu linalouzwa ni mmea mzima uliong'olewa, si tawi lililokatwa. Ulichonunua kwa pesa kidogo huenda kilianza kukua kabla ya wazazi wako kuzaliwa. Durban wana bustani ya Silverglen inayootesha mimea ya dawa ili kupunguza uchimbaji wa porini, na kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa kuiona Njombe na Mbeya kabla wafanyabiashara hawajafika kwenye nyasi zetu.

Usingizi wako nao usiupuuze. Mlinzi wa usiku analala saa ambazo mwili unataka kuamka, na hilo halihitaji tunguu. Weka pazia zito, vaa miwani ya jua unaporudi asubuhi, acha chai na kahawa kwa muda wa saa sita kabla ya kulala, zima simu, na ujitahidi kulala saa zilezile hata siku ya mapumziko. Ukifanya hivyo mwezi mzima bila nafuu, nenda kliniki uwaeleze.

Maganda makavu yaliyobaki kwa jirani yako, kwa mchubuko au kuungua kidogo kusikopasua malengelenge, sina ugomvi nayo, mradi ni yale makavu ya nje, ngozi imeoshwa kwanza kwa maji safi yanayotiririka, na hujakaza kitambaa. Kukaza ni kosa baya. Kila mwaka Eastern Cape hufa vijana wa jando, na mara nyingi kinachowamaliza ni maambukizi, kunyimwa maji, na bendeji iliyokazwa hadi damu isipite. Ndiyo maana Afrika Kusini ilitunga sheria ya jando la kimila mwaka 2021. Usiyaweke karibu na macho, usimwekee mtoto mchanga, wala mjamzito. Harufu ya maua yake yenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, inatosha kuumiza kichwa na macho.

Hilo tunguu zima ulilonalo, ama lirudishe kwa muuzaji, ama lipande kwenye chungu chenye mchanga mwingi, shingo na sehemu kubwa ya tunguu vikiwa juu ya udongo, mahali pa jua, mbali na watoto, mbwa na jikoni. Mwagilia kidogo sana. Andika juu ya chungu SUMU kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza na Kizulu pia, maana hauko peke yako kwenye jengo hilo. Na ikitokea mtu yeyote amelila, usimtapishe kwa nguvu na usimpe maziwa. Mpeleke hospitali mara moja, na chukua kipande kilichobaki mwende nacho ili madaktari wajue wanapambana na nini. Western Cape wana simu ya taarifa za sumu inayowasaidia madaktari na wananchi nchi nzima. Itafute namba yake leo, uihifadhi kwenye simu yako na ya jirani yako.